Mgomba Utazikwa Jumamosi

Malava,
Jumatatu.

Kwa kaka yangu Khaemba,

Tulikupoteza Jumapili, tarehe 12 Septemba 2021, saa tatu asubuhi, ulipotoka ukisema unaenda kunyolewa. Pamoja na hayo, pokea salamu zangu. Mimi sijambo. Mashine yangu ya kusaga inamaliza magunia kumi na manane kwa siku, na hakuna aliyenishika mkono kuinunua. Mama anasumbuliwa na miguu tu. Wewe je, u mzima? Watu huulizanga hivyo kwa adabu. Mimi leo nauliza kweli.

Barua hii anakuletea Kibiwott, dereva anayebeba mahindi ya Likuyani hadi Mombasa. Anaapa kwamba pale mizani ya malori, Mariakani, kuna muuza chai anayefanana na wewe, hata kwa ubishi. Sijui nimwamini au vipi.

Sasa sikia. Mwaka huu niliona nyimbo za wazee wetu zinaenda nao kaburini, nikazirekodi kwa simu. Wanawake kumi na wanne, nyimbo thelathini na nane: za kupalilia, za mapacha, za kumsindikiza bibi arusi. Nilitaka kuzipiga sokoni kwa spika kubwa, watoto wa kijiji wazishike. Mama Zilpah, yule anayeongoza maombolezo upande wetu wote, alikataa mara tatu kuniimbia wimbo wa mtu aliyefia mbali. Alisema huo hauimbwi bure, ukishatoka mdomoni lazima upate mwenyewe. Nikamwambia wimbo ni wimbo. Akaimba shingo upande, nikauandika nambari thelathini na moja.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nazijaribu spika nyumbani, nikaitwa mashineni, mkanda umekatika. Nikaziacha zikiimba, nikapiga hesabu: nyimbo thelathini za kwanza zitachukua muda wa saa mbili, nitakuwa nimerudi kabla ya ule wa Zilpah. Mkanda ukanichelewesha.

Niliporudi, boma lilikuwa limejaa. Watu mia moja na sita, mizigo ya kuni ishirini na tisa, kuku kumi na mmoja. Mama ameketi chini, kitambaa kimemtoka kichwani, analia jina lako. Walisikia sauti ya Zilpah ikimlilia aliyefia mbali, na matanga ya siku hizi yote yana spika. Nani angeshuku? Nyumba yetu ina mtu mmoja tu aliye mbali. Hakuna aliyeniuliza kitu. Walinipa pole, wakawasha moto.

Ijumaa wazee waliketi. Kwa kuwa mwili haupo, waliamua tukate mgomba, tuulaze kwenye jeneza, tuuzike mahali pako kama desturi ilivyo. Mjomba Shitanda, unamjuanga, alisema angalau marehemu huyu hatadai suti, na kwamba mgomba umekaa nyumbani zaidi kuliko wewe. Watu walicheka huku wanalia. Mazishi ni Jumamosi hii.

Kaka, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Zilpah alifika wa mwisho siku ile, na yeye peke yake alijua ile ni sauti yake niliyoirekodi kwa simu. Alinivuta kando, akaniuliza kama kweli nimepata habari zako au ni simu tu imejiimbia. Nikamjibu nimepata habari. Ndipo akaanza kuimba kwa mdomo wake.

Kwa nini nilisema hivyo, sielewi mpaka sasa. Labda ni hasira. Miaka minne Mama amekuwekeanga sahani ya obusuma, ugali wako, anaifunika, asubuhi anawapa kuku, na mimi niliyemjengea nyumba naulizwa kama nimekusikia. Lakini tangu Alhamisi hajafunika sahani. Anakula. Jana alinishika mkono akaniita kwa jina langu bila kutaja lako kwanza. Sasa sijui kama nimemuua mtoto wake au nimemponya. Nikisema ukweli, atarudi kwenye sahani. Nikinyamaza, nitatupa udongo juu ya ndugu yangu anayeuza chai.

Mama hajui kama nakuandikia, kwa hiyo sina salamu zake. Zangu ni hizo tu.

Kibiwott atarudi Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na kaburi litachimbwa saa kumi. Mpe karatasi yenye mwandiko wako. Usinieleze ulikwenda wapi wala kwa nini. Nijibu hili moja: nisimamishe mazishi, au tukuzike?

Ni mimi dada yako,
Nanjala