Kurasa za Namba Tupu

Jumatatu, 6 Mei 1996

Kompyuta imejianzisha upya tena! Mara ya tisa leo. Bruda Valeriani anatunga programu ya ndani kabisa ya kompyuta — kiini, anaiita — ili mashine moja ijifanye mbili. Dada Evelina achape barua za ofisi ya misheni, na karakana iweke orodha yake ya vipuri, wakati uleule, bila kuingiliana. Kazi yangu baada ya shule ni kumsomea kitabu cha prosesa, yaani ubongo wa mashine. Kiingereza, kinene kama tofali. Nakipenda. Kiingereza cha darasani ni cha kukariri. Hiki kinakwambia: ukifanya hivi, kitatokea hiki. Na hakinicheki.

Leo Bruda kagundua sura moja imekosa kurasa nne. Kaniuliza kama nimeziona. Nikatikisa kichwa.

Nimedanganya.

Jumanne, 7 Mei

Niandike hapa, maana mdomo hautaki. Mwezi uliopita mvua iliingia ofisini, gundi ya kitabu ikaachia. Nikaambiwa nitoe makaratasi yaliyoharibika. Zile kurasa nne hazikuwa na maelezo ya maana — namba tupu na visanduku. Nikampelekea Mama Mdogo Serafina afungie karanga pale stesheni. Nikajiona mwema!

Mkuu wa karakana kapita leo. Eti mashine inayojizima kila dakika haina faida, Jumamosi ipande treni irudi Dar. Bruda aliinamia kibodi. Alikuwa anabahatisha namba, moja moja. Ikajianzisha upya.

Jumatano, 8 Mei

Nimesema! Nilipanga maneno njia nzima kutoka kwetu Lumemo. Nikafika: "Shikamoo Bruda, ni mimi." Halafu machozi, na habari yote ya kurasa na karanga.

Kanipa leso yake. Kisha: "Marahaba. Sasa karanga zenyewe zilikuwa tamu?"

Tukaenda wote kwa Mama Mdogo. Mama Mdogo kang'aka: karatasi zenyewe zinateleza, karanga zikamwagika! Mbili zimeondoka na abiria. Mbili kampa Seni afunikie madaftari.

Seni! Wa darasani kwetu, wa kule Mofu, baba yake mwenye ng'ombe. Sijawahi kumsemesha hata siku moja.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemfuata mbele ya watu. Mmoja kapaza kutoka nyuma: "Kumbe bubu anaongea!" Darasa zima kicheko. Nikasimama hivyohivyo, masikio yanawaka. Nikamweleza. Kavua jalada la daftari la jiografia palepale. Ukurasa mzima, ila kachora fahali juu ya safu ya mwisho. La pili liko kwenye daftari la fizikia, na mwalimu kalichukua kusahihisha. Kasema atalileta, lakini na yeye aione hiyo mashine inayotaka ganda la daftari lake.

Ijumaa, 10 Mei

Kumbe zile namba ndizo zenye kazi kuliko maneno yote! Ni jedwali. Kila kinachoishtua mashine — saa yake ya ndani, kibodi — lazima kiwe na nafasi yake humo. Kikikosa, mashine haijui iende wapi, inaanza upya. Yaani mara zote zile ilikuwa inashtuliwa na saa yake yenyewe! Maskini.

Nimesoma kwa sauti, Bruda akaandika. Tukafuta fahali polepole kwa mate na pamba. Kisha — herufi A, upande wa kushoto wa kioo. Ndiyo alama kwamba programu ya Dada Evelina inafanya kazi. Dakika kumi, haijajianzisha. Bruda kanishika mkono kama mtu mzima!

Upande wa kulia, wa karakana, B haijatokea. Kwa orodha ya yaliyomo, namna ya kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine iko kwenye ukurasa wa fizikia; zile mbili za abiria si za lazima.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika humuhumu ofisini. Sanduku la mbao la kufungia mashine liko mlangoni, wazi. Treni ni jioni. Mkuu kasimama, mikono kaikunja. Kasema A moja si mashine mbili.

Seni kafika anahema, ukurasa kauingiza ndani ya shati usilowe mvua. Kaupata kwa mwalimu asubuhi hii. Safari hii hakuchora kitu.

Bruda kavuta kiti karibu na kibodi. "Agnella, soma. Kwa sauti, mkuu naye asikie."

Watu watatu wananitazama. A bado iko palepale. Naweka kalamu chini, nisome —