Kiredio Tulichoficha Ndani ya Fromaji

Mpendwa Papa Furaha,

Barua hii siifungi. Hata ningeitia gundi, kwenye bariyeri ya kwanza ya askari wangeipasua waone kama nimeweka makuta, yaani pesa, ndani. Basi waisome, waisome wote, na mwenye roho nzuri kati yao aifikishe Ntoto, ao popote ulipo. Sina siri. Nina mume mwenye hajibu.

Unakumbuka wazimu wako ulivyoanza? Ulikuwa unauza sabuni na chumvi dukani Ntoto, kule Walikale, na kwenye kona uliweka foni, ile redio kubwa ambayo watu walikuja kuongea nayo na ndugu zao wa Goma na Butembo. Ingetosha, si ndiyo? Lakini frère mmoja, mtawa wa misheni, akakufundisha kwamba kuna satelite ndogo za watu wa kawaida, watu wenye kupenda redio tu, zinapita juu yetu kila siku, na mtu mwenye kiredio cha mkononi anaweza kurusha sauti yake kule ikashukia nchi nyingine. Tangu siku ile nikakukosa. Ulivunja mwavuli wangu mzuri, ukachomoa vyuma vyake utengeneze antena, ukaenda kusimama kwenye kiwanja cha mupira unazungusha mkono angani, na huku dukani wateja wamejaa wanangoja chumvi.

"Papa Furaha, unavua samaki mbinguni?" nikakuuliza.

"Nyamaza kidogo, Mama. Iko inapanda."

Mara mtu wa Afrika Kusini akakujibu. Alikuuliza Ntoto iko wapi, nawe ukashindwa kumweleza kwa sababu ulikuwa unacheka. Mimi nilijifanya bado nina hasira ya mwavuli, lakini moyoni nilijivuna kabisa.

Halafu vita ikasogea. Wenye silaha walibeba foni zote, yako na ya misheni. Kiredio chako hawakukiona kwa sababu kilikuwa ndani ya gunia la maharage. Ukasema niwapeleke watoto kwa Papa yangu Kirolirwe, huku kwenye ng'ombe, wewe ubaki kulinda duka, kwa maana tukiliacha tupu tutakuta kuta tu. Nilikataa. Nililia mpaka nikakutukana, na wewe ukaningoja nimalize.

"Twende Goma tukakununulie yako," ukasema. "Satelite ikipita, tutakuwa tunaongea."

Tukawafikisha watoto Kirolirwe, tukawaacha kwa Papa, tukashuka Goma. Muuzaji mmoja wa redio alituwekea viredio vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa kipya, bei nafuu, kinang'aa. Mimi nikakishika hicho. Cha pili kilikuwa kikubwa, kizito, cha kijeshi, na sikutaka hata kukigusa. Siku zile mtu akikutwa na toki-woki anaitwa mpelelezi, na hakuna wa kumsikiliza. Cha tatu kilikuwa cha zamani, kioo kimekwaruzwa, kifuniko cha betri kimefungwa na mpira. Nawe, bila aibu, ukachukua hicho kikuukuu.

"Papa Furaha, kweli? Tumetoka Kirolirwe yote hiyo tununue takataka?"

"Sikia. Hii mupya ukisema, inajiziba masikio. Utaongea wee, hautajua kama sauti imefika ao imeanguka njiani. Hii ya zamani inasema na inasikia wakati moja. Utajisikia wewe mwenyewe unarudi kutoka kule juu. Ukijisikia, ujue na mimi nakusikia."

Nikakipima kwa kiganja. Ukaniangalia, nikakuangalia, na wote wawili tukawaza kitu kimoja. Tulikuwa tumeshuka na fromaji za Papa, zile jibini zetu za duara, na chache zilikuwa hazijauzika. Kule tulikolala tukakata moja chini, tukaitoboa tumbo, tukafunga kiredio ndani ya plastiki, tukakilaza humo na kuziba kwa kisu cha moto. Huwezi kuona kitu. Tulijiona wajanja wa dunia nzima.

Kwenye bariyeri, karibu tufike kwa Papa, askari akafungua kapu.

"Nini hii?"

"Fromaji, chef," nikasema.

"Inatoka wapi?"

"Goma."

"Inaenda wapi?"

"Kirolirwe."

Akamgeukia mwenzake. "Ee, kuja uone! Mama anapeleka fromaji Kirolirwe!"

Yesu wangu! Hapo njo nilielewa. Fromaji inashuka, haipandi. Tangu nizaliwe sijaona hata moja ikitoka Goma kurudi kwenye ng'ombe. Mimi mtoto wa wafugaji, wewe mfanyabiashara tangu tumboni mwa mama yako, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo. Nilikuwa nawaza watoto tu, nani atawaambia.

"Wameturudishia, chef," ukasema, na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyechoka na biashara. "Muteja amesema zimeharibika. Sasa njo ninaenda kumwambia Papa mukwe. Afazali unifunge hapa."

Askari hakucheka. Alitoa kisu chake akakupa. "Kata. Hapana hiyo. Ile."

Alikuwa ameonyesha ileile yenye kiredio. Ukakata ukingoni, kipande chembamba kama kucha, huku umeisimamisha fromaji kwa mkono wa pili kama unambeba mtoto mgonjwa. Ukakitia mdomoni. Ukatafuna, ukakunja uso, ukatema karibu na buti zake.

"Onja na wewe, chef."

"Toka hapa na uchafu yako!"

Tulitembea bila kugeuka nyuma mpaka barabara ikapinda. Nikakaa kwenye majani. Ukakaa karibu yangu, ukaniambia, "Mama Furaha, ile fromaji iko tamu sana." Tulicheka mpaka nikalia. Nilikupenda siku ile kuliko siku ya ndoa yetu, na sikukuambia. Nakuambia sasa.

Ukarudi Ntoto. Mchana satelite ikipita nilikuwa napanda kilima cha Papa, nakusikia. "Watoto?" "Wako." "Wewe?" "Niko. Unakula?" Dakika chache tu, halafu inazama upande wako wa Walikale na sauti yako inakwaruza, inakwisha. Tulikuwa tunagombania nafasi na watu wa kila nchi, na wewe ulikuwa unajua kuingia kati yao kama mama muuza nyanya sokoni.

Kisha wakatuambia Ntoto imeshambuliwa na watu wamekimbilia porini. Tangu hapo hakuna kitu. Napanda, naweka kisikilizio sikioni, nazungusha kile kitufe cha mawimbi kidogo kidogo kama ulivyonifundisha, naita: "Papa Furaha, Papa Furaha, hapa Kirolirwe." Na ninayemsikia ni mimi. Sauti yangu inashuka, safi kabisa, inaomba omba. Majirani wanasema betri imechoka, antena imepinda. Ningekuwa na kile kipya ningewaamini, ningejidanganya vizuri. Wewe uliniambia nikijisikia, nawe unanisikia. Kuna siku nakukasirikia kwa ajili ya neno lile, nisikufiche.

Sasa sikia yaliyotokea. Juzi watu wenye bunduki wamefika hapa wakamuuliza Papa juu ya mwanamke mwenye anaongea na mbingu. Papa akawapa maziwa.

"Ni binti yangu," akawaambia. "Ni mutu wa maombi."

Walikunywa, wakacheka, lakini waliangalia kile kilima muda mrefu. Walipoondoka Papa akaniita.

"Wakirudi, mimi ni muzee, hawatanifanya kitu. Watachukua watoto. Zima hiyo mashini, mwanangu."

"Papa, na akiita?"

Alikwenda kuangalia ng'ombe, nikamfuata, nikamuomba siku moja tu ya mwisho.

Jana nimepanda. Nimeita jina lako mpaka koo likauma, nikajisikia mimi na mimi tena. Hata wale watu wa nchi nyingine hawakuwepo. Tangu uliponyamaza, nao walinyamaza, na nilidhani wamechoka na kelele zetu. Nikasema, "Papa Furaha, leo ni mara ya mwisho. Wamenikataza." Nikaachia kitufe.

Mtu akaingia. Mwanaume, Kiswahili kimenyooka. "Mama wa Kirolirwe, samahani kwa kuingilia. Niko Arusha. Tunakusikia kila siku."

"Munanisikia? Sasa kwa nini hakuna hata mumoja mwenye ananijibu?"

"Tulikubaliana tunyamaze, Mama. Huku juu nafasi ni ya sauti moja tu. Tuliogopa mzee wako akiita kwa sauti ndogo, tutamfunika."

Papa Furaha, nililia mbele ya ng'ombe wote. Siku zote zile nilidhani kule juu ni patupu, kumbe walikuwa watu, wengi, kila mmoja na mke wake na kazi yake, wanabana pumzi ili wewe usikike. Satelite ilikuwa inazama, sikuwa na muda wa kushukuru. Nikamuomba kitu kimoja. Akasema, "Nimekubali, Mama. Nifundishe tu namna unavyomwita mkiwa nyumbani." Nikamfundisha.

Leo asubuhi Papa amezika kiredio ndani ya zizi, na ng'ombe wanasimama juu yake. Watoto wako salama. Mimi siiti tena, na wenye kusoma barua hii njiani wajue hivyo, kwetu hakuna cha kutafuta. Nimenyamaza kwa ajili yao, na ninajua ungenilazimisha wewe mwenyewe.

Kwa hiyo kama uko porini na betri yako ina nguvu kidogo, fungua mchana. Ukisikia mwanaume wa Tanzania anakuita kwa jina la nyumbani, anakuambia watoto ni wazima na mke wako anangoja, usikasirike, usifikiri nimeolewa. Mujibu. Nimemutuma mimi.

Ubaki na uhai, popote ulipolala,

mke wako,
Mama Furaha