Kitabu cha Mashua Katika Kitambaa Cheupe

Rumonge, mwezi wa Shaabani

Kwa kaka yangu Asmani, uliyeko bomani Usumbura,

Kitabu changu cha kujenga mashua kilipotea Rajabu ya mwaka jana, wiki ile uliyokuja kututembelea. Nimelitanguliza hilo, sasa nakusalimu. U mzima? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, mama kikohozi kimemwachia, na dada yetu Mwamini anazidi maneno tu.

Unajua nilivyokipata. Fundi Hadji wa Ujiji alikataa kukiuza, nikamsugulia mbao msimu mzima ili anikubalie kukinakili kwa mkono wangu. Vipimo vyote vimo: mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, wa urefu gani unataka mataruma mangapi ya kuwa mbavu zake, na kalafati kiasi gani ya kuziba nyufa. Mwishoni mwa kitabu fundi alieleza namna ya kuijua kazi inayokufaa: tazama ni ipi unairudia hata ikikuharibikia. Mimi niliharibu mashua tatu, nikairudia ya nne. Duka la mjomba Mbaraka sijalirudia kwa hiari hata siku moja.

Lakini wiki ile ile mjomba alisema ndiye aliyetulea baba alipofariki, na katika sisi wawili tunaojua kuandika, mmoja lazima awe karani wake wa mawese na samaki wa ndagala. Wewe ulisema Wadachi hawakupi ruhusa ya kuacha kazi ya boma. Mama akatoa Msahafu uliofungwa kitambaa cheupe, nikaweka mkono, nikaapa kutoondoka dukani maadamu mjomba yu hai. Na mjomba, kaka, akipiga chafya mtaa mzima unaitikia. Atatuzika sote. Mwamini ananiita seremala wa mafuta.

Ijumaa iliyopita panya walikitafuna kile kitambaa, mama akaniambia nikibadilishe. Nikatawadha, nikafungua, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe. Mkuku, mataruma, kalafati! Mwaka mzima mama anakifukizia udi. Wavuvi wawili wa Minago waliogombania wavu waliapishwa juu yake, wakapatana huku wanalia.

Nilimuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, nikijifanya naulizia mtu mwingine. Akasema kiapo kiko katika nia, si katika karatasi. Kafara yake ipo, ila huyo mtu atafute kwanza radhi ya mama yake. Radhi nitaiombaje bila kumwambia alichokuwa anakifukizia? Ataona haya mbele ya mtaa wote. Basi nimekifunga kitambaa kipya, nimekirudisha rafuni. Kitabu changu nakiona kila siku, na mama haniachi nikiguse bila udhu.

Nikamuuliza mama, kama mtu anayepiga soga tu, Msahafu ule ulitoka wapi. Akasema ni zawadi yako, na ulimsihi asiufungue, wino wake usije ukafifia. Kaka, wewe umekaa chuoni miaka mingi kuliko mimi. Taruma na aya huwezi kuzichanganya. Ulijua kwamba nisipofungwa mimi kwa kiapo, utaitwa wewe dukani.

Mama na Mwamini wanakusalimu sana, nami namsalimu shemeji.

Fundi Hadji atapita hapa akirudi Ujiji, na nafasi yangu ya kujenga mashua kwake ataishikilia mpaka mwezi wa Ramadhani uandame, basi. Usiniandikie habari za boma wala za mvua. Utakuja kumwambia mama kwa kinywa chako, ndiyo au hapana? Jibu linifikie kabla mwezi haujaandama.

Ni mimi ndugu yako,
Aruna bin Athumani