Mvuje wa Ijumaa

Jumatano, Thamesmead

Eti mtoto ananuka! Mwanangu nampaka mvuje kitovuni ili gesi imtoke, kama Bi Hansa, jirani yetu Mhindi kule Tanga, alivyotupaka sisi. Leo naenda kumchukua nasari, mlezi ananiambia kwa Kiingereza, mbele ya wazazi wenzangu, kwamba wamemwogesha kwa sababu ya harufu. Na mlezi mwenyewe Mtanzania!

Nikamfunga mwanangu mkanda wa kigari, nikatoka bila kuaga.

Mlezi akanifuata getini, sauti chini, Kiswahili kimemrudia. "Dada, usinichukie. Hata mimi wangu nampaka. Ila Ijumaa jioni, mpaka Jumatatu harufu imekwisha."

Kwani tumbo la mtoto linaijua Ijumaa?

Kesho asubuhi nampaka tena. Na wakimkataa, nikienda kazini nitamwacha na nani...

Nampaka tu.