Nimemrudishia Pluto Jina Lake

Jumanne, jioni. Joto limelegea kidogo, na nimefungua dirisha la chumba kwa mara ya kwanza tangu Mei. Nina furaha, na sitaificha.

Leo nimemrudishia mungu wa kuzimu jina lake.

Nieleze vizuri. Mimi ni mlinzi katika jumba dogo la makumbusho hapa Al Jaddaf, huku Uarabuni. Ukumbi wangu una sanamu za Kirumi, na mbili kati yake ni za ndugu wawili: Jupita, mtawala wa mbingu, na Pluto, mtawala wa kuzimu, ambaye Wagiriki walimwita Hadesi. Wote wana ndevu, wote wameketi, wote wamevunjika mikono. Mgeni akipita haraka ataapa ni mapacha.

Mimi sipiti haraka. Nasimama nao saa nane kwa siku.

Mwezi uliopita nilienda likizo nyumbani Kitui. Niliporudi nikakuta ukumbi umepakwa rangi na vibao vya maelezo vimebandikwa upya. Siku hiyo hiyo nikaona vimebadilishana. Pluto ameandikwa Jupita, Jupita ameandikwa Pluto.

Sikutegemea kumbukumbu peke yake. Nywele za Jupita zimesimama juu ya paji la uso kama za simba. Za Pluto zinaangukia mbele, karibu na macho. Na mguuni pa Pluto pamebaki kipande cha mnyama: kucha, na mkia wenye umbo la nyoka. Ndicho kilichosalia cha mbwa wake mwenye vichwa vitatu, yule anayelinda lango ili wafu wasitoke.

Nilimwambia msimamizi wetu, Bwana Hamadi. Ni mtu wa Unguja, mpole, lakini anaiogopa sana ofisi ya juu.

"Dada Mwende, sisi tunalinda tu," alisema. "Mambo ya vibao yana wenyewe. Khalas, yaishe."

Namwelewa. Kuna mwenzetu aliyewahi kumkosoa mtembeza wageni mbele ya watu, akahamishiwa kwenye maegesho ya magari, juani. Na mkataba wangu unajadiliwa mwezi ujao. Nikanyamaza wiki mbili.

Nikiri: wiki hizo zilinikera. Wageni walipiga picha na mungu wakaondoka na jina la nduguye. Ninayekaa naye chumbani, Neema wa Moshi, alinishauri nimwache shetani na jina lolote atakalopewa. Hapo tulibishana. Kwenye Biblia yetu kuzimu ni mahali. Kwa Wagiriki, jina la mahali hapo, Hadesi, lilikuwa pia la mwenyewe aliyepatawala, na hakuwa shetani. Hakumshawishi mtu atende dhambi. Hakuwa yeye anayeua. Ndugu watatu walipiga kura kugawana ulimwengu: mmoja akapata mbingu, mwingine bahari, yeye akapata chini, mahali ambapo hakuna aliyepataka. Akakaa huko akafanya kazi yake. Doa lake kubwa ni kumteka binti wa watu, Proserpina, akamfanya mke. Kwa hilo simtetei.

Leo asubuhi mhifadhi mkuu, Madam Eleni, akaingia na mpiga picha. Walitaka picha za kitabu kipya cha jumba, sanamu na kibao chake pamoja. Nikajua zikishachapishwa, kosa limekaa. Bwana Hamadi alikuwa mlangoni, ananitazama kwa macho ya kunisihi.

Nikatoka kwenye kona yangu.

"Samahani, Madam," nikasema kwa Kiingereza changu cha kazini. "Vibao hivi viwili vimebadilishana."

"Nani amekuambia?"

"Mbwa," nikamjibu, nikamwonyesha ile kucha.

Akainama. Akakaa pale chini muda mrefu, miwani imemshuka puani. Kisha akainuka, akatazama nywele za huyu, akatazama za yule. Nilijua ninachosema.

"Zima taa," akamwambia mpiga picha. "Tubadilishe kwanza."

Akaniuliza nimesomea wapi haya. Nikamwambia nilifundisha shule ya msingi miaka sita kabla ya kuja huku, na mtu aliyewahi kufundisha hawezi kusimama kutwa mbele ya kosa lililoandikwa ukutani. Mengine nimeyasoma kwenye simu, ndani ya basi. Akaniomba Jumamosi nizungumze na wageni nusu saa kuhusu Pluto na mkewe. Nikakubali kwa sharti moja: siku hiyo nisivae yunifomu ya ulinzi.

Akasema sawa.

Bwana Hamadi alisubiri wote waondoke. Nikajiandaa kukemewa. Akaja taratibu, akainama pale pale alipoinama Madam.

"Miaka mitatu napita hapa," akasema, "nikidhani ni jiwe limemeguka tu. Hebu nambie, huyo mke aliwahi kurudi kwao?"

"Alirudi, lakini si kwa kudumu. Alikuwa ameshakula komamanga la kule chini, na aliyekula cha huko ni wa huko, basi ikabidi agawe mwaka. Miezi kwa mama yake, miezi kwa mumewe."

"Kwa mama yake mingapi?"

"Wengine wanasema sita."

Akainuka, akajikung'uta magoti. "Sita ni mingi," akasema. "Sisi likizo tunapewa mmoja."

Nilikuwa nimepanga kuanza na mbwa. Sasa nimeamua: Jumamosi nitaanza na huyo mke, siku alipofika mlangoni kwa mama yake.