Mwenye Vibuyu Viwili

Ilewura, 4 Agosti 1991

Mpwa wangu Akinlabi,

Natumaini u mzima na kazi ya ofisi ya afya haijakumaliza. Mimi ni mzima, ila magoti. Dada yangu, mama yako, anakusalimu na anauliza kama unakula.

Jana Salawu, mpiga mbiu wetu, aligonga upatu sokoni akasoma tangazo mlilomletea: "Kumeonekana ongezeko la matatizo ya tumbo kupita kiwango cha kawaida." Muuza akara mmoja, akigeuza bajia zake za kunde, akamuuliza kama hiyo ni kodi mpya. Watu wakacheka, wakaenda kuchota maji kijitoni kama siku zote. Kwa siku nane wameugua kumi na tisa, wamekufa wanne.

Nilifundisha miaka thelathini na minne, kwa hiyo nivumilie. Malaria ni mkazi wa hapa, tunaishi nayo kama tunavyoishi na wakwe. Mlipuko ni pale ugonjwa unapopata watu wengi kuliko ilivyozoeleka, mahali pamoja, kwa muda mfupi. Ukivuka nchi baada ya nchi, hapo ndipo huitwa janga la dunia. Sisi hatudai janga. Andika tu "mlipuko wa kipindupindu". Muuguzi wa zahanati ameniambia kuwa bila neno hilo bohari haitoi dripu.

Mjomba wako, Oyedele

Makao makuu, 7 Agosti

Mjomba,

Nakusalimu kwa heshima, nimelala kifudifudi mbele yako. Mimi ni mzima, na ninakula.

Maana ya neno naijua, ulinifundisha mwenyewe. Shida si maana. Likitoka kabla sampuli haijarudi kutoka maabara, soko litafungwa, magazeti yataandika, na mimi nitahamishiwa kusikojulikana. Mkubwa wangu anataka tuseme "hali inayofuatiliwa". Tafadhali, usinisahihishe kama mtoto wa darasa la nne.

Mwambie Mama achemshe maji.

Mpwa wako, Akinlabi

Ilewura, 10 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu. Nilimwambia. Akanijibu, "Nichemshe ya nini? Ofisi ya mwanangu imesema ni tumbo tu. Tumbo nimelitibu tangu huyo Akinlabi hajaota meno." Kisha akaenda kumwosha jirani aliyekuwa akitapika. Unaona sasa neno linafanya kazi gani?

Nikachoka kungoja. Nilimpa Salawu jina walilotumia wazee wetu, kwa kuwa mgonjwa huwekewa kibuyu kimoja cha kutapikia na kingine cha kuharishia. Akagonga upatu, akasema: "Mwenye Vibuyu Viwili yumo mjini." Hakuna aliyecheka. Kufikia adhuhuri kijitoni hapakuwa na mtu, na kila jiko lilikuwa na chungu cha maji. Lakini familia mbili zilikimbilia mashambani na mgonjwa wao, na huko nako sasa wanaugua. Hilo ni langu, nalibeba. Jina la wazee linatisha tu. Tangazo lako lingewaambia pia wabaki.

Mama yako ameanza kutapika jana. Zahanati ina chupa mbili za dripu na wagonjwa kumi na mmoja. Acha kufuatilia hali.

Mjomba wako

Makao makuu, 12 Agosti

Mjomba,

Unisamehe, leo sina salamu ndefu. Nimeandika mlipuko wa kipindupindu na kusaini jina langu. Sampuli haijarudi. Mkubwa amesema nimejichimbia kaburi.

Lori la dripu litaondoka alfajiri. Mwambie Mama anisubiri.

Akinlabi

Ilewura, 14 Agosti

Mpwa wangu,

Sijui nikuulize hali gani.

Lori lilifika jana saa nne asubuhi, na barua yako ndani yake. Wagonjwa ishirini na sita wametundikiwa dripu, na kwa hao nakushukuru. Mama yako tulimzika juzi jioni. Kabla sauti haijamkauka aliuliza kama umekula. Nilimwambia umekula.

Karani aliyekuja na lori alijaza fomu ya kifo cha mama yako. Penye sababu ya kifo aliandika "matatizo ya tumbo", akaniambia ndivyo alivyoelekezwa tangu mwezi uliopita, na maelekezo mapya hayajamfikia. Sikugombana naye, ni mtoto wa watu. Nimekataa kusaini, basi.

Fomu iko mezani kwangu. Njoo na kalamu yako.

Mjomba wako