Jina Lililotokea Kwenye Kioo cha Simu

Muhumba, Bukavu,
Ijumaa, tarehe 18 Oktoba 2024

Mpendwa mjomba, Tonton Aloys,

Pokea salamu zangu, za maman na za Joviale. Goti lako linaendeleaje tangu uanze kutumia ile dawa ya kupaka? Na Tante Adélaïde, moshi wa mkaa bado unamletea kikohozi? Huku mvua imeanza kwa fujo, na njia ya kuteremka kwetu ni utelezi mtupu. Jana niliingia ofisini na tope hadi magotini, mkuu akanitazama viatu tu, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko kukaripiwa. Maman hajambo, presha yake imeshuka. Mimi ni mzima wa mwili, ila sina raha, na sasa hivi utaelewa kwa nini.

Tonton, ile habari ambayo maman alikupigia simu wiki jana kukupa, kwamba Ulrich amepiga simu, si ya kweli. Naiandika mapema ili usije ukasoma ukurasa mzima kwa furaha ya bure. Kaka hakupiga. Ninayejua ni mimi peke yangu.

Sikukupigia kwa sababu nakufahamu. Ungesikia neno hili ungekata na kupiga nyumbani papo hapo, na nyumbani anayepokea ni maman. Akiona ALOYS kwenye kioo, mkonga wa simu unakuwa sikioni kabla ya mlio wa pili. Kwa hiyo nampa barua hii Domitille, yule mama wa vitenge, ambaye Jumatatu anateremka Uvira ili avuke kuja kwenu Kigoma. Ameahidi kukukabidhi mkononi.

Unaikumbuka ile simu ya mezani uliyotutumia mwaka jana, inayotumia laini ya kawaida kama ya simu ya mkononi, kwa kuwa maman alikuwa haoni tena vitufe vya simu ndogo. Ubavuni ina vitufe sita vya kumbukumbu. Ukishahifadhi namba mara moja, mtu anabonyeza kitufe kimoja tu na simu inapiga yenyewe. Na aliyehifadhiwa akipiga, jina lake linatokea kwenye kioo. Niliyeviandaa ni mimi. Nilikaa Jumamosi nzima na kile kijitabu cha maelezo, kisha nikamuuliza maman nani awekwe wa kwanza. Nilidhani atakutaja wewe.

"Weka Ulrich," alisema. "Wa kwanza kuzaliwa, wa kwanza pa simu."

Nikamkumbusha kwamba namba ile imekufa tangu kaka aende Shabunda kutafuta kazi ya madini, sasa ni mwaka wa nne.

"Nilikuuliza kama iko inafanya kazi? Weka."

Nikaandika ULRICH, kwa herufi kubwa ili aweze kusoma bila miwani. Wewe ukawa wa pili, mimi wa tatu.

Tangu hapo, kila asubuhi baada ya sala, alikuwa anabonyeza kitufe cha kwanza. Yule mama wa kampuni ya simu aliyerekodiwa anasema kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani. Maman anamwacha amalize, kwa heshima kabisa, kisha anaanza: "Ulrich, umeamuka je? Umekula? Huku mahindi ya Nyantende imeota muzuri." Akimaliza anarudisha mkonga na kwenda zake jikoni. Nilikuwa namsikia nikifunga kamba za viatu. Sikumkataza. Mwezi wa nane niliona unite, yaani salio la simu, zinaisha upesi, nikadhani anaongea sana na wewe.

Alhamisi ya wiki jana, mchana, simu ikalia na kwenye kioo likatokea jina la kaka. Maman akapokea, akaita, "Allô! Allô, Ulrich!" Hakujibiwa. Alisikia mtu akipumua tu, halafu ikakatika. Nilipotoka kazini nilikuta sebule imejaa majirani, na maman amevaa kitenge chake cha Pasaka.

"Mugisho, kaka yako amepiga! Jina lake njo hili, ona. Mashini haisemaka uongo!"

Nilitazama orodha ya simu zilizoingia. Jina lilikuwepo, na saa yake. Nakiri, Tonton, kwa siku tatu na mimi niliamini. Maman naye aliendelea na salamu zake za asubuhi kama kawaida, anaongea na kukata, akisema Ulrich atajibu siku akipata nafasi.

Jumatatu nikapiga namba ile kutoka ofisini. Unanijua, sipigi simu ya maana bila kuandika kwanza nitakachosema. Kwenye karatasi nilikuwa na salamu, na swali la kumuuliza Ulrich kama atapokea mwenyewe, na swali jingine kama atapokea mtu aliyemshika. Sikuwa nimeandika lolote kwa ajili ya sauti ya msichana.

"Ulrich simujue," alisema. "Njo weye mutoto ya ile maman?"

"Maman gani?"

"Ule ananipigiaka asubui. Ananiulizaka kama nimekula."

Anaitwa Bintu, anauza ndagala, dagaa kama wenu wa Kigoma, pale Uvira. Laini aliinunua sokoni mwishoni mwa mwezi wa saba. Namba ya kaka ilikaa muda mrefu bila mtu, kampuni ikaiuza upya. Tangu mwezi wa nane mama asiyemjua akawa anampigia kila asubuhi, anaongea mfululizo, anakata kabla yeye hajafungua kinywa. Maana maman alikuwa amezoea kuongea na namba isiyojibu. Siku ya kwanza Bintu aliona haya kumkatiza, siku ya pili akaona amechelewa kusema. Halafu wiki jana simu haikuja siku mbili, kwa sababu unite zetu ziliisha. Akaogopa kwamba yule mama anaumwa. "Nilipiga nijue tu," aliniambia. "Nikasikia sauti iko na nguvu, nikakata."

Hayo ndiyo yote. Kuhusu kaka hatujui zaidi ya tulivyojua mwaka jana.

Sasa jambo linalonitesa ni shemeji yangu Joviale, mke wa kaka. Unajua kwamba tangu Pasaka maman mwenyewe alikuwa amekubali: Joviale amekaa miaka minne bila mume na bila mtoto, na Firmin, yule mwalimu wa Nyantende, ni mtu mwema. Wazee wa Firmin walikuwa waje kuposa tarehe 9 ya mwezi ujao. Lakini Alhamisi ile ile, mbele ya majirani, maman alimwita Joviale akamwambia, "Mutoto yangu, ambia bale ba Firmin babaki kwabo. Muke ya muntu haolewaka tena. Bwana yako amepiga." Joviale alijibu, "Ndiyo, maman," akaendelea kukata majani ya sombe. Tangu siku hiyo hajacheka. Na Jumapili hii, misa ya saa tatu, padri atasoma nia ya shukrani aliyoiandikisha maman kwa ajili ya Ulrich kupatikana.

Kosa ni langu. Simu haimjui mtu, inajua maandishi tu, na maandishi yale niliyaweka mimi. Ofisini kwetu nikibandika jina la mtu kwenye jalada la mtu mwingine naitwa kujieleza kabla ya saa sita. Hapa nyumbani hakuna anayeniita, na ndiyo hofu yangu: naweza kunyamaza mpaka Joviale azeeke katika nyumba yetu kwa sababu ya laini iliyouzwa Uvira.

Nimejaribu kumwambia maman mara nne. Mara ya mwisho nilimkuta anapaka rangi viatu vyake vya misa. Aliniuliza, "Nini?" nikasema natafuta mkasi. Akanipa mkasi, nikatoka nao. Ninaogopa presha yake. Ninaogopa pia atakavyonitazama. Tonton, tangu papa afariki, wewe ndiye unayesema kwa niaba ya nyumba hii. Niambie nifanye nini.

Jumapili, tarehe 20, jioni

Tonton, sikuifunga barua, na sasa imebidi niongeze.

Jana asubuhi nilikuwa napiga pasi shati la misa. Joviale aliingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Mugisho, weye unaandika jina za bantu tangu asubui mpaka mangaribi. Ile namba umeiangalia. Ni yeye?"

Nilisema pasi inapoa.

"Muntu ya bureau! Unaogopa hata muhuri yako. Uliza moyo yako, kisha unijibu: ni yeye?"

Nikamwambia. Nilidhani atafurahi, au atalia. Alikaa kitandani juu ya nguo nilizokuwa nimeshazipiga pasi, akaitazama mikono yake. Kisha akasema, "Miaka mine namungojea. Siku ile jina lilitokea, kwanza niliogopa. Sikufurahi. Unasikia? Bwana yangu amepiga, na mimi sikufurahi." Akasimama. "Twende kwa maman sasa, mbele sijaanza kulia."

Maman alikuwa anachagua maharagwe. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, kama mtoto anayesomeshwa shairi, nikiangalia ungo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unasema uongo," alisema. Hakupaza sauti.

Akainuka, akaenda kwenye simu, akabonyeza kitufe cha kwanza. Mimi nikabonyeza cha kipaza sauti. Maman akaanza kama siku zote, "Ulrich, mutoto yangu, umeamuka je," halafu akanyamaza. Akasema, "Jibu."

"Maman, jambo," ikasema sauti ya msichana. "Mimi ni Bintu. Unisamehe."

"Namba ya mwanangu uliikamata wapi?"

"Nilinunua pa soko, maman. Sikuiba."

"Sisemi uliiba. Juu ya nini haukusema?"

"Ulikuwa unaniuliza kama nimekula. Hakuna mwingine ananiulizaka."

Tonton, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: kumkamata asianguke, kumtafutia vidonge vyake, kukimbilia zahanati. Maman aliushika mkonga kwa mikono miwili, akauliza, "Leo umekula?"

"Bado, maman."

"Kula."

Akaurudisha mkonga mahali pake, akaketi tena kwenye maharagwe. Mawe aliyatupa upande, mabovu akayatupa upande, bila kukosea hata moja. Jana nzima hakusema nami. Chakula changu alikiweka mezani akageuka. Sikujua kama amenihukumu au la, na nilizunguka nyumba mpaka Joviale akaniambia ninamtia kizunguzungu.

Leo asubuhi alitutangulia kanisani peke yake, kwenye utelezi ule. Mimi na Joviale tulimkuta ameshaketi benchi la mbele. Majirani walikuwa wamevaa nguo za sherehe, wengine wananipa mkono wa pongezi, na mimi naupokea huku jasho linanitoka. Nia zilipoanza kusomwa niliinamisha kichwa. Padri akasoma, akimtaja maman kwa jina: "Kwa ajili ya Ulrich, mwana wa Cibalonza, popote alipo, Mungu amwangalie." Basi. Hakutaja shukrani, wala hakumwita marehemu. Maman alikuwa amekwenda mapema sakristia kuibadilisha nia ile. Benchi zima liligeuka kumtazama, yeye akatazama altare.

Tulipofika nyumbani alivua viatu mlangoni, akaniita.

"Mugisho, karatasi iko?"

"Iko, maman."

"Andikia ndugu yangu Aloys. Ambia yeye aje mbele ya tarehe tisa. Bale ba Firmin banakuya, na hapa hakuna mwanaume wa kusema."

Nikasema mimi nipo.

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu jana, na nadhani kidogo acheke. "Weye utaandika." Kisha akasema, "Joviale aliingiaka hapa kwa mulango ya mbele. Atatoka kwa mulango ya mbele, bantu banaona, kama mutoto yangu mwenyewe. Asitoke kama mwizi."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuuliza, "Na Ulrich?"

"Ulrich nitamungojea mimi. Mimi njo mama yake. Joviale amengoja ya kutosha."

Joviale alikuwa nyuma ya pazia la jikoni na sufuria mkononi. Aliyasikia yote. Alikaa pale pale mpaka maji yakamwagikia miguuni, na maman akamwita aje kula.

Basi, Tonton, siombi tena ushauri. Ninakuomba uje. Tarehe 9 Novemba ni Jumamosi. Ukifika Alhamisi utapata siku ya kuongea na maman kwa utulivu, maana na mimi anaongea maneno mawili mawili tu. Usimpigie kabla, tafadhali. Amesema wiki hii hataki kusikia mlio wa simu, na ameifunika kwa kitambaa cha meza. Mpe Domitille jibu kwa maandishi, au njoo tu, nitakuwa nakungoja stendi ya magari yatokayo Uvira tangu asubuhi. Bado ninaogopa. Ninaogopa njia, mvua, jinsi wazee wa Firmin watakavyotutazama baada ya sisi kuwazuia mara moja. Lakini wamekwisha tumiwa habari. Niliwaandikia mimi kabla ya kumalizia barua hii.

Msalimie sana Tante Adélaïde, na dada Christine, umwambie vitabu alivyoomba nimevipata viwili. Maman anakusalimu bila kuniambia. Nimeona alivyolitaja jina lako. Joviale ametuma salamu kwa mdomo wake.

Mungu akulinde ziwani na barabarani, na akufikishe kwetu miguu ikiwa mikavu.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, ninayekungoja,

Mugisho